Kukagua nyumba kabla ya kununua ama kuuza hapa Uganda: rangi iache, fuata maji

Shemeji yangu alinipigia simu jioni moja sauti imejaa furaha, amepata nyumba upande wa Kira, vyumba vitatu, geti la chuma, tailisi kila mahali, na broka amemwambia kuna mtu mwingine anakuja kesho asubuhi na pesa mkononi. Nikamuuliza, shemeji umeiona wakati wa mvua? Akasema sasa ni Januari, mvua itoke wapi. Nikamwambia ngoja basi nije Jumamosi tuiangalie pamoja, lakini kufika Ijumaa alikuwa ameshalipa milioni 20 za kwanza, aliogopa kupitwa. Mwezi wa 4 maji yaliingia sebuleni mpaka usawa wa kiti. Alipomrudia yule aliyemuuzia akaonyeshwa mstari mmoja kwa agrimenti, kwamba mnunuzi ameikagua mali na ameridhika nayo. Na kweli alikuwa amesaini.

Huo mstari uko karibu kwa kila agrimenti ya ardhi na nyumba hapa kwetu na watu wanausaini bila kukagua chochote zaidi ya rangi na jikoni. Mimi nimekaa kwa saiti tangu nikiwa pota wa kubeba matofali Jinja, nikawa mwashi, nikawa foromani, na siku hizi watu wananiita nitembee nao kabla hawajalipa. Nataka nieleze vile nafanya ili hata kama huna mtu wa kukusindikiza ujue uanzie wapi.

Kwanza ujue nchi kama Marekani kuna mtu kazi yake ni hio tu, kukagua nyumba inayouzwa, na mnunuzi anaweza kuweka kwa mkataba kwamba akikuta shida kubwa ndani ya siku kadhaa anajitoa na pesa yake ya kianzio inarudi. Kwetu kazi hio imegawanyika. Injinia anaangalia msingi, nguzo na slabu, sevea anaangalia mipaka, fundi wa umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme, anaangalia waya, loya anaangalia karatasi. Injinia awe amesajiliwa na Engineers Registration Board (bodi ya kusajili mainjinia), na sevea awe na usajili wa bodi yao pia, mwombe namba ya usajili na uhakikishe, mtu wa kweli hakasiriki ukimuuliza. Na tafadhali usichukue injinia wa kuletwa na broka. Broka anapata pesa siku ile wewe unanunua, ukikataa hapati kitu, sasa mtu wake atakwambia nini?

Kitu kingine kinachochanganya watu ni valuer wa benki, mtu wa kukadiria thamani. Mtu anachukua mkopo, benki inatuma valuer, anatoka na ripoti nzuri, basi mnunuzi anafikiri nyumba imekaguliwa. Hapana. Yule anaiambia benki hio mali ina thamani gani kama ikibidi iuzwe, hapandi kwa dari kuangalia mbao zako. Nimeona nyumba imepita kwa valuer vizuri kabisa na kenchi zote zimeliwa na mchwa.

Anza nje, na anza na maji

Kwa maoni yangu nyumba nyingi hapa zinauliwa na maji kuliko kitu kingine chochote, kwa hivyo kabla sijaingia ndani nasimama kwa barabara najiuliza maji ya mvua yanatoka wapi na yanaenda wapi. Kampala ni vilima na mabonde, juu ya kilima unapata udongo mwekundu wa murramu unaoshika vizuri, chini bondeni ndo kuna kinamasi, na siku hizi plot zinazouzwa kwa bei nzuri nzuri nyingi ziko kule chini, kinamasi kimemwagiwa udongo lori kwa lori, mtu amejenga, amepaka rangi, anauza. Udongo wa kumwagwa unaendelea kushuka miaka na miaka, na unashuka upande mmoja zaidi ya mwingine, hapo ndo ukuta unapasuka.

Angalia nyuma ya ukuta wa fensi, ukiona mafunjo ama magimbi yamestawi kuliko kawaida, maji yako karibu. Angalia kuta za majirani kama kuna mstari wa tope ulionyooka, huo ni alama ya mafuriko yalipofika. Angalia milango ya majirani, kama kila mtu amejenga kikingo cha matofali mlangoni mpaka unaruka kuingia, hawakujenga kwa urembo. Alafu waulize watu ambao hawana faida na biashara yako, boda wa stegi ya pale, mama anayeuza nyanya, mlinzi wa shule ya jirani. Usiulize "hapa kuna mafuriko?" maana atakwambia hapana akidhani anakusaidia. Uliza "mvua ikinyesha sana nyinyi mnapita wapi?" Atakuonyesha kwa kidole.

Mvua zetu kubwa upande huu wa kusini ni mwezi wa 3 mpaka wa 5, na wa 9 mpaka wa 11. Ukiweza ngoja, ingia hio nyumba siku mvua imetoka kunyesha. Kama muuzaji hawezi kungoja hata wiki mbili jiulize kwanini.

Na hapa sio shida ya matope peke yake, kuna sheria. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinaweka mita 200 kutoka ufuko wa Ziwa Victoria na mita 100 kutoka kingo za Nile kama eneo la kulindwa, na vinamasi kwa Katiba vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilivunja nyumba kwa kinamasi cha Lubigi, watu wakabaki nje na magodoro. Kwa hivyo mtu akikwambia "tuna taito (hati ya ardhi), NEMA haiwezi kutugusa", usimwamini, taito ya ndani ya kinamasi inaweza kufutwa. Sisi wa Jinja tunapenda nyumba ya kuona mto, na wa Entebbe wanapenda ya kuona ziwa, lakini mwaka 2020 ziwa lilipopanda lilifuata watu mpaka vyumba vya kulala. Pima hizo mita na sevea, usipime kwa macho.

Ukuta unasema, usikilize

Ndani sasa. Nyufa ziko za aina mingi na sio zote za kuogopa. Ufa mwembamba kama unywele, unaotambaa tambaa kwa plasta bila mpango, mara nyingi ni plasta ilikauka haraka bila kumwagiwa maji, hio ni kazi ya fundi wa rangi. Ufa wa kuogopa ni ule unaotoka kona ya dirisha ama mlango na kupanda kimshazari, ama unaofuata viungo vya matofali kama ngazi. Zunguka nje uone kama ufa huo huo uko upande wa pili, ukiwa umetoboka pande zote mbili huo ni wa ukuta, sio wa plasta. Mimi natembea na sarafu ya shilingi 500, ikiingia kwa ufa ikasimama basi mazungumzo ya bei nayasimamisha hapo hapo mpaka injinia aje. Kama kuna muda, chora mstari wa penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, rudi baada ya mwezi uone kama umeruka ule mstari.

Milango nayo inasema. Fungua na ufunge kila mlango na kila dirisha, usione aibu, zile zinazokwama juu upande mmoja mara nyingi fremu imevutwa na ukuta unaoshuka. Sakafu pima na mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoona ndani ambao waashi wote wanao, kutoka kona hii mpaka kona ile. Tailisi zigonge na ufunguo, zinazolia kama ngoma hazijashika chini.

Unyevu ni adui wa pili. Sogeza kabati, sogeza kitanda, omba ruhusa lakini sogeza. Ukiona unga mweupe kama chumvi kwa ukuta chini ya goti, ama rangi imevimba malengelenge, maji yanapanda kutoka ardhini, maana yake ile karatasi nyeusi ya DPC ya kuzuia maji juu ya msingi haikuwekwa ama ilichanika. Kutibu kitu hicho baada ya nyumba kujengwa ni ghali na mara nyingi hakiishi kabisa. Na ukikuta chumba kizima rangi ni ya zamani lakini ukuta mmoja umepakwa jana, huo ndo ukuta wa kuuliza maswali. Mchwa nao tafuta njia zao za udongo, zinapanda ukutani kama mishipa, na fremu za mbao zigonge, ukisikia sauti tupu chomeka bisibisi uone.

Kama ni ghorofa, mimi na wewe tusijidanganye kwamba tunaweza kuikagua kwa macho. Hata mimi na miaka yangu yote kwa saiti siwezi kujua ndani ya nguzo kuna nondo za unene gani na zege lilichanganywa vipi. Pale lazima injinia, lazima michoro ya nondo iliyosainiwa, na injinia ana nyundo yake ya kupima ugumu wa zege bila kuvunja. Kampala ghorofa zimeanguka na watu wamo ndani. Kama muuzaji wa ghorofa anasema michoro ilipotea, mimi naondoka, hata bei ikiwa nusu.

Panda juu kwa dari. Najua hakuna anayependa, kuna joto na popo, lakini beba tochi na upande. Angalia kenchi, mbao za kalitunsi (mkaratusi) zilizowekwa mbichi zinapinda, na mabati yanafuata. Ukizima tochi mchana na ukaona nyota nyota za mwanga, ni matundu. Kwa mabati kumbuka namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, geji 28 ni nzito kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba zaidi, na wauzaji wengi watakwambia 28 wakati ni 32, angalia bati la akiba kama lipo ama muulize fundi aliyeezeka. Kwa nyumba za zamani, zipo Jinja, zipo Tororo, zipo Entebbe, unaweza kukuta paa la asbesto. Likiwa zima halijapasuka halitakudhuru leo, lakini usilitoboe wala kulivunja, vumbi lake linaharibu mapafu, na siku utataka kulitoa lazima lifanywe na watu wanaojua, hio gharama iweke kwa bei tangu mwanzo.

Maji ya bomba fungua bomba zote pamoja na uflashi choo wakati huo huo, hapo utajua presha. Alafu funga zote uende kwa mita ya NWSC, shirika la maji, kama kimshale bado kinazunguka kuna bomba linavuja chini ya sakafu. Septiki omba ufunuliwe mfuniko, uulize gari la kunyonya linapita wapi kufika pale, maana nimeona nyumba nzuri sana ambayo septiki iko nyuma na nafasi ya pembeni ni ya mtu kupita kwa ubavu. Kama kuna kisima, kisima kiko juu ya septiki ama chini yake? Umeme angalia mita ya Yaka, ile ya kulipa kabla, ina namba gani na jina la nani, nunua tokeni ya shilingi 5,000 pale pale uone kama yuniti zinatoka zote ama zinakatwa deni. Tangu mwaka 2025 mambo ya umeme yako kwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kuisha, kwa hivyo kama muuzaji ana karatasi za zamani za Umeme muombe ahakikishe akaunti imehamia vizuri. Waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, usipokuwepo usinunue kabla haujawekwa, umeme sio wa kuchezea.

Karatasi, kwa kifupi lakini usiruke

Wengi wameandika sana juu ya taito kwa hivyo sitakaa hapa sana. Kwa sheria yetu kinachouzwa ni ardhi, nyumba inafuata tu juu yake, ndo maana nyumba nzuri juu ya ardhi mbaya ni sifuri. Fanya sachi kwa ofisi ya ardhi ya kanda, wewe mwenyewe ama loya wako, uone jina, uone kama kuna kaveti (zuio la mtu anayedai ardhi) ama mkopo wa benki. Ujue ni freehold (ya kudumu), lizi (ya kukodi miaka), mailo (ya kudumu ya Buganda) ama ya kimila. Lizi imebaki miaka mingapi? Kama ni kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya mailo ya mtu mwingine, mwenye ardhi lazima akubali mauzo, na uone risiti za busuulu, kodi anayolipwa mwenye ardhi. Kama muuzaji ana mke ama mume na familia inaishi pale, ridhaa ya mwenzake kwa maandishi ni lazima kwa Sheria ya Ardhi, na usiridhike na "mke wangu anajua". Ndugu zetu kutoka Kenya na Kongo wanaonunua Kampala, kama sio raia sheria inakupa lizi tu, isiyozidi miaka 99, mtu akikuuzia mailo kwa jina lako anakuuzia kesi. Na majengo ya zamani ya Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972, ambayo Jinja tunayo mitaa mizima, fuatilia historia yake mpaka kwa Custodian Board, bodi ya serikali iliyoshika mali zao, yamekuwa na wadai zaidi ya mmoja.

Lakini kitu kimoja cha karatasi ambacho lazima ukifanye kwa miguu ni mipaka. Lipa sevea afungue mipaka, mawe yapatikane, majirani na mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) wakiwepo. Nilisindikiza dada mmoja Mukono tukakuta nusu ya jikoni na septiki yote iko kwa plot ya jirani, na barabara ya kuingilia iliyochorwa kwa ramani mtu ameishajengea kibanda cha ng'ombe. Hakuna ukuta uliokuwa na ufa pale, nyumba safi kabisa. Uliza pia kibali cha kujenga na kibali cha kukaa kutoka KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) ama wilaya ama manispaa, maana sheria ya majengo ya mwaka 2013 inataka vyote viwili.

Ukishapata ripoti

Ripoti ya injinia iwe kwa maandishi na picha, isiwe ya mdomo. Alafu usikimbie kila kasoro, hakuna nyumba isiyo na kasoro, hata mpya. Gawa tu: kuna za kuacha nyumba kabisa, kama kinamasi, mipaka ya mtu, msingi unaoshuka, ghorofa bila michoro. Kuna za kupunguza bei, tuseme nyumba ni milioni 180 na mtaro wa maji pamoja na paa la nyuma vitakula milioni 9, unamwonyesha muuzaji hesabu ya fundi na unaomba ipunguzwe hio, ukiwa na karatasi mkononi mabishano yanakuwa mafupi. Na kuna za kurekebishwa kabla ya kulipa yote, hizo ziandikwe kwa agrimenti moja moja, na ubakize pesa mpaka ziishe. Ule mstari wa "ameikagua na ameridhika" mwambie loya auandike upya, kwamba umeridhika isipokuwa vitu vilivyotajwa kwa ripoti ya tarehe fulani. Na kinachobaki kwa nyumba kiandikwe pia, tenki, sola, pampu, grili, hata geti. Watu wanang'oa.

Kama wewe uko kyeyo, yaani kazini nje ya nchi, Dubai ama popote, na unanunua kupitia ndugu, usidharau ndugu yako lakini usimpe kazi ambayo haijui. Lipa injinia mwenyewe kutoka huko, akutumie ripoti wewe moja kwa moja, na ombeni video ya simu anatembea taratibu kutoka barabarani mpaka darini bila kukata.

Wewe unayeuza

Nakuomba, kagua nyumba yako mwenyewe kabla hujaita mnunuzi. Gata lililoziba, bomba linalovuja, bati moja lililotoboka, vitu vya laki chache vinamwogopesha mnunuzi mpaka anakata mamilioni kwasababu anafikiri kama hivi vya nje viko hivi, vya ndani je. Lipa madeni ya maji na umeme, weka risiti kwa faili moja, michoro, vibali, picha za wakati wa kujenga kama unazo, zile za msingi na nondo kabla zege halijamwagwa. Hizo picha zina nguvu kuliko rangi mpya, nimeona mzee mmoja Bugembe anauza nyumba ya miaka 12 kwa bei aliyoitaka kwasababu alitoa albamu kila hatua imo, mnunuzi hakubishana.

Na kama kuna shida kubwa unaijua, iseme. Kupaka rangi juu ya unyevu kunadumu mpaka mvua ya kwanza, na mnunuzi akigundua umeficha kwa makusudi anaweza kukupeleka mahakamani, na hata asipokupeleka utakutana naye msikitini ama sokoni. Sema bei ilivyo na shida yake, wapo wanunuzi wanaojua kurekebisha na wanatafuta nyumba za namna hio.

Siku ya kukabidhiana funguo tembeeni tena wote wawili na ile ripoti, chumba kwa chumba, pigeni picha mita ya Yaka na mita ya maji namba zikionekana, muandike na msaini na tarehe. Alafu mnunuzi, kabla ya usiku huo, badilisha vitasa vyote, vya geti pia.